Fidia ya Gari Si Hisani

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang' yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Gendabi, Jorodom na Ganana ni majina ambayo kabla ya siku ile hayakutajwa sana nje ya mkoa wetu. Tangu siku ile yanajulikana nchi nzima kwa sababu ya msiba. Hakuna kampuni ya bima iwezayo kuilipa roho ya mtu, wala hatuandiki leo ili kuulinganisha uhai na mali. Marehemu wale tunaendelea kuwaombea.

Lakini waliobaki hawana budi kuishi, na kuishi kunahitaji nyenzo. Miongoni mwa vitu vilivyosombwa au kufukiwa siku ile yalikuwamo magari. Tope lilipozolewa mitaani, na wageni wakubwa waliokuja kutoa pole walipokwisha kurudi walikotoka, kila mwenye gari lililoharibika alibaki na swali moja: nani atanilipa, na atanilipa kiasi gani? Swali hilo halikuzaliwa na maporomoko ya Hanang', wala halikuzikwa nayo. Huulizwa kila lori linapopinduka katika barabara ya Singida na Babati, na kila pikapu inapogongwa ikabaki chuma chakavu. Ndilo swali tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu tunaona wananchi wengi wanapoteza haki yao siku ya kulipwa, baada ya kuilipia ada mwaka hadi mwaka.

Msimamo wetu ni huu. Kiasi cha kwanza ambacho kampuni ya bima humtajia mwenye gari si hukumu. Ni bei ya kufungulia mazungumzo. Mwenye gari anayo haki ya kuelezwa, kwa maandishi na kwa lugha anayoifahamu, jinsi kiasi hicho kilivyopatikana, na anayo haki ya kukipinga kabla hajatia sahihi yake. Fidia si sadaka wala hisani. Ni deni linalotokana na mkataba.

Katika wilaya za Hanang' na Mbulu gari si pambo la kuonyeshea majirani. Pikapu na lori dogo ndiyo mabega ya mkulima. Maharage, mbaazi, ngano na alizeti za Hanang', pamoja na vitunguu saumu vya Mbulu, haviwezi kufika sokoni kwa kubebwa kichwani. Siku ya mnada, gari moja hubeba riziki ya nyumba nyingi: mwenye gari, dereva, wapakizi, na wakulima waliokabidhi mizigo yao. Tena magari mengi yamenunuliwa kwa mkopo, na kadi ya gari imekaa kwenye kabati la benki. Gari la namna hiyo likifa, huzimika jiko la watu wengi, ilhali mkopo unabaki hai na riba inaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba tunazungumza habari za wenye nacho peke yao.

Yafaa kwanza tukumbushane bima ni ya namna gani. Ile ambayo watu wengi huiita bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria kwa kila gari liendalo barabarani. Kazi yake ni kulipia madhara ambayo gari lako limewasababishia watu wengine. Gari lako mwenyewe likiharibika, bima hiyo hailipi hata senti moja. Ile iitwayo bima kubwa ndiyo inayolilinda gari lako pia, dhidi ya ajali, moto na wizi. Wenye magari wengi hukata bima ndogo kwa kuwa ni rahisi, hubandika stika, na kuamini kuwa wamekingwa. Huamka siku ya maafa wakagundua kuwa walinunua amani ya kumkwepa askari wa usalama barabarani, wala si ulinzi wa mali yao. Mtu wa namna hiyo hana la kujadiliana na kampuni yake, na hatuwezi kuilaumu kampuni kwa kutolipa kile ambacho haikuuza. Lakini twaweza kumlaumu wakala aliyeuza bila kueleza.

Hata mwenye bima kubwa asilale usingizi wa pono. Maporomoko ya Hanang' yametufundisha somo ambalo halifai kusahauliwa. Mlima ule ni volkano ya kale. Katika siku za mwanzo kulikuwa na uvumi kwamba huenda umelipuka. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haukulipuka. Bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ya mvua nyingi, ikazidiwa na uzito, ikameguka na kuteremka na maji kama uji mzito. Kwa mfiwa, maelezo hayo hayabadili kitu. Kwa mwenye mkataba wa bima, yanaweza kubadili kila kitu. Iko mikataba ya magari inayotaja kwamba kampuni haitalipa hasara iliyoletwa na mafuriko, tetemeko la ardhi au mlipuko wa volkano, mpaka mwenye gari awe ameongeza kinga hiyo na kuilipia. Neno moja katika ukurasa ambao hakuna aliyeusoma ndilo litakaloamua kama mtu atalipwa au atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo anayeishi chini ya mlima, kando ya korongo au katika bonde la mto, na amwulize wakala wake waziwazi kabla ya kutoa fedha: mafuriko yamo au hayamo? Maporomoko ya ardhi yamo au hayamo? Na jibu aombe aandikiwe.

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani mambo haya yalikuwa na mlango mmoja. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara yote ya bima nchini ikawekwa mikononi mwake. Mwananchi alijua pa kwenda, japokuwa hakuwa na pengine pa kukimbilia akicheleweshwa. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua milango kwa kampuni binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo wengi wanaijua kwa jina la TIRA, ili isimamie soko hilo. Leo kampuni ni nyingi, mawakala wako hadi vituo vya mabasi, na stika hupatikana kwa dakika chache kwa simu. Kununua bima kumekuwa kwepesi kuliko kununua debe la mahindi. Kulipwa fidia ndiko ambako bado kunahitaji moyo wa chuma.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mazungumzo yenyewe. Gari likiharibika kiasi kwamba gharama ya kulitengeneza inakaribia au kuzidi thamani yake, kampuni hutangaza kwamba hiyo ni hasara kamili. Hapo halitatengenezwa tena. Mwenyewe atalipwa thamani yake. Lakini ni thamani ipi? Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mwenye gari hufikiri atalipwa kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya bima. Kampuni kwa kawaida husema italipa thamani ya gari sokoni siku ilipotokea ajali, na kwamba kile kilichoandikwa kwenye hati ni kikomo tu cha juu. Isipokuwa pale ambapo mkataba unasema wazi kwamba pande mbili zimekubaliana thamani tangu mwanzo, maneno hayo ya kampuni huwa ni ya kweli, kwa kuwa msingi wa bima ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, si kumtajirisha.

Tuchukue mfano wa hesabu, ili kila mtu aone jambo lenyewe lilivyo. Mfanyabiashara wa Katesh amekata bima kubwa ya pikapu yake kwa thamani ya shilingi milioni 20. Siku ya ajali, pikapu kama hiyo sokoni inauzwa shilingi milioni 16. Mkataba unamtaka abebe mwenyewe sehemu ya 5 kwa mia ya hasara. Kampuni ikikubali kwamba thamani ya soko ni milioni 16, itaondoa laki 8 na kumlipa shilingi milioni 15 na laki 2, nayo itachukua mabaki. Lakini kampuni ikianza kwa kusema kwamba thamani ya soko ni milioni 12, itaondoa laki 6 na kumlipa milioni 11 na laki 4. Tofauti ni shilingi milioni 3 na laki 8, na yote imetokana na tarakimu moja iliyoandikwa na mtu mmoja katika taarifa yake.

Sasa tuseme mfanyabiashara huyo anadaiwa na benki shilingi milioni 14. Kwa malipo ya kwanza, benki itachukua chake, naye atabaki na shilingi milioni 1 na laki 2 za kuanzia maisha. Kwa malipo ya pili, benki itachukua yote, na bado atadaiwa shilingi milioni 2 na laki 6 za gari ambalo halipo tena duniani. Mtu wa kwanza amepata hasara na ataamka. Mtu wa pili atauza shamba au ng'ombe. Hiyo ndiyo maana ya kujadiliana. Anayekaa ofisini mjini anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ndogo katika vitabu vyake. Kwa familia moja ya Hanang' ni tofauti kati ya mtoto kubaki shuleni na mtoto kurudi nyumbani.

Mfano huo una mafunzo mengine mawili. La kwanza, yule aliyekata bima kwa milioni 20 wakati gari lake lina thamani ya milioni 16 amekuwa akilipa ada juu ya milioni 4 ambazo hatazipata kamwe. Ada ikiwa shilingi 3.5 kwa kila mia, huo ni mchango wa shilingi 140,000 kila mwaka usio na faida yoyote kwake. La pili ni kinyume chake: yule anayetaja thamani ndogo ili ada ipungue, akaandikisha milioni 10 gari la milioni 16, hatapata zaidi ya milioni 10 hata alie machozi ya damu, na hata kwa uharibifu mdogo kampuni inaweza kumlipa sehemu tu ya gharama, kwa uwiano wa kile alichoandikisha. Dawa ya yote mawili ni moja: kila mwaka, kabla ya kukata bima upya, thamani ya gari ikadiriwe upya.

Je, mwenye gari ajadiliane kwa kitu gani? Si kwa kupiga meza, wala si kwa kutafuta ndugu anayemfahamu mkubwa fulani. Ajadiliane kwa karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo halijapata kuwa la kweli kuliko mbele ya dirisha la madai ya bima. Aweke pamoja kadi ya gari au nakala yake, hati ya bima, risiti za ada, leseni ya dereva, taarifa ya polisi, na picha za gari kabla na baada ya hasara. Aweke risiti za matengenezo: injini iliyobadilishwa, magurudumu mapya, bodi iliyotengenezwa. Gari lililotunzwa halina bei moja na gari lililotelekezwa, ingawa yote mawili yametoka kiwandani mwaka mmoja. Kisha atafute bei za magari ya aina hiyo hiyo, ya mwaka huo huo na yaliyotembea umbali unaokaribiana, kutoka kwa wauzaji watatu au wanne wa Arusha, Singida au Dar es Salaam, na aziombe kwa maandishi.

Asisahau pia kwamba magari yetu mengi huagizwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani. Bei ya gari huko nje si bei yake likiwa Katesh. Juu yake kuna nauli ya meli, gharama za bandari, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia. Mamlaka ya Mapato Tanzania inao utaratibu wake wa kukokotoa kodi za magari yaliyotumika, na mtu yeyote anaweza kuutumia kujua gari kama lake litamgharimu kodi kiasi gani leo. Mkadiriaji wa kampuni akitaja bei isiyotosha hata kulivusha gari bandarini, mwenye gari aiweke hesabu hiyo mezani kwa utulivu na kuuliza: kwa fedha hizi, nitalinunua wapi?

Liko pia suala la mabaki. Gari lililokufa bado lina milango, taa, gia na chuma. Kampuni ikimlipa mwenye gari thamani kamili, mabaki huwa yake. Mwenye gari akitaka kubaki nayo, thamani yake hukatwa kwenye malipo. Hapo tena ni lazima kuuliza: mabaki yamethaminiwa kwa bei gani, na nani aliyethibitisha kwamba yuko mnunuzi wa bei hiyo? Tumeeleza jinsi thamani ya gari inavyoweza kupunguzwa. Mabaki nayo huweza kukuzwa, na mwenye gari akakatwa pande zote mbili kama muwa.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kampuni za bima nazo zina hoja ambayo hatuwezi kuifumbia macho. Fedha wanazolipa si zao peke yao; ni mfuko uliochangwa na maelfu ya wakata bima. Kila dai la uongo linalolipwa huchotwa humo, na mwaka unaofuata waaminifu hupandishiwa ada. Wako watu wanaosema kwamba gari liliendeshwa na mwenye leseni, kumbe lilikuwa mikononi mwa kijana asiye na leseni. Wako wanaong'oa injini nzima wakati wa usiku, kisha asubuhi wakamwita mkaguzi aje kuona mabaki. Na wako wengi zaidi, hasa katika mikoa yetu ya kaskazini, wanaokata bima ya gari la matumizi binafsi huku gari hilo likibeba abiria kwa nauli kutwa nzima, yale ambayo watu huyaita michomoko. Mtu huyo akipata ajali akiwa na abiria, kampuni ina haki ya kumwambia kwamba hatari aliyoitangaza si hiyo. Bima imejengwa juu ya uaminifu wa pande zote mbili, na anayedai haki sharti aje na mikono safi.

Kwa sababu hiyo tunawasihi wenye magari: toeni taarifa kwa kampuni mara tu hasara inapotokea, hata kama hamjui bado ukubwa wake. Msilitengeneze gari, msiliuze na msing'oe chochote kabla ya kukaguliwa. Katika maafa kama yale ya Desemba 2023, ambapo magari yaliweza kusogezwa na mitambo ili njia zipitike na watu waokolewe, mtu asimzuie mwokoaji kwa ajili ya gari. Lakini akiweza, apige picha kwanza, na aandike siku, saa na jina la mahali gari lilipokutwa.

Tukirudi kwa kampuni, tunalo neno zito juu ya sahihi. Mwisho wa madai, mwenye gari hupewa hati akubali kwamba kiasi kilichotajwa ni malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai tena. Hati hiyo ni halali. Lakini huletwa wakati gani? Huletwa baada ya miezi ya kungoja, wakati karo za watoto zimefika, benki imepiga simu mara tatu, na mtu amekwisha kutumia nauli ya kwenda mjini kwa mara ya tano. Mwenye kiu hachagui kisima. Hutia sahihi, akachukua kidogo, na mlango ukafungwa. Hatusemi kwamba kila kampuni hufanya hivyo kwa makusudi. Tunasema kwamba ucheleweshaji, uwe wa makusudi au wa uzembe, humnufaisha mlipaji na kumdhoofisha mlipwaji, na kwa hiyo mlipaji hafai kuachiwa aamue peke yake jambo litachukua muda gani.

Mwananchi na ajue kwamba hakuachwa jangwani. Akitofautiana na kampuni, hatua ya kwanza ni kuandika barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe na kubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Asiporidhika, anaweza kulifikisha jambo lake TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009 ili mwananchi apate usuluhishi bila kulazimika kuanza na mahakama. Na mwisho wa yote mahakama ipo. Lakini hatua zote hizo humfaa yule ambaye bado hajatia sahihi ya kukubali malipo ya mwisho. Akishatia, hata msuluhishi mwenye huruma atakuwa na kazi ngumu.

Tatizo ni umbali. Kutoka Katesh hadi Babati ni zaidi ya kilomita 70, na kutoka Babati hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 150 nyingine. Mtu aliyepoteza gari ndiye anayeambiwa apande basi, alale gesti, afike ofisini na kuambiwa kwamba anayeshughulikia faili lake amesafiri. Wakati wa kununua bima wakala alimfuata hadi shambani. Wakati wa kulipwa yeye ndiye anayeifuata kampuni. Kama stika inaweza kutolewa kwa simu katika dakika chache, hatuoni kwa nini taarifa ya mkadiriaji isitumwe kwa njia hiyo hiyo.

Tatizo jingine ni lugha. Hati nyingi za bima zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili ambacho hata aliyemaliza chuo hukisoma mara mbili. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya utoaji haki mahakamani. Ikiwa Bunge linatunga sheria kwa Kiswahili, na hakimu anaweza kutoa hukumu kwa Kiswahili, ni sababu ipi inayomzuia mwuza bima kusema kwa Kiswahili kwamba mafuriko hayamo? Matangazo yao redioni ni ya Kiswahili fasaha. Tunashuku biashara ambayo hutongoza kwa lugha moja na kukataa kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kampuni imtolee mdai wa hasara kamili karatasi moja ya hesabu, kwa Kiswahili, ikionyesha thamani iliyokubaliwa, chanzo cha bei hiyo, kiasi kilichokatwa na sababu ya kila makato, pamoja na nakala ya taarifa ya mkadiriaji. Karatasi hiyo itolewe kabla ya hati ya sahihi, si pamoja nayo, na mdai apewe siku za kutosha kuisoma na kutafuta ushauri. Pili, TIRA ihakikishe kwamba mambo yasiyolipwa na mkataba yanaandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila kuazima miwani. Tatu, wilaya zilizo mbali na ofisi za kanda zitembelewe kwa ratiba inayojulikana, ili malalamiko yasikilizwe Katesh na Mbulu mjini, si Arusha peke yake; na panapotokea maafa makubwa, wasikilizaji hao wafike mapema, kama wanavyofika wagawaji wa mablanketi.

Mapendekezo hayo hayataifilisi kampuni yoyote inayofanya kazi yake kwa haki. Kinyume chake, yataijengea soko. Watu wa Hanang' waliona kwa macho yao jinsi jasho la miaka 20 linavyoweza kufutika katika asubuhi moja. Hawahitaji kuhubiriwa juu ya hatari. Wanachohitaji kuona ni jirani aliyekata bima, akapata hasara, akalipwa stahili yake kwa wakati, akanunua gari jingine na kurudi barabarani. Jirani mmoja wa namna hiyo anauza bima kuliko matangazo 100. Na jirani mmoja aliyezungushwa kwa mwaka mzima na kupewa nusu anaifukuza bima katika kijiji kizima.

Mvua zitakuja tena, na barabara zitaendelea kuwa na ajali. Tunawaasa wananchi wazisome hati zao leo, wakati jua linawaka, na ambaye hawezi kusoma amtafute mwalimu wa kijiji au mwanawe amsomee. Kampuni nazo tunaziasa zikumbuke kwamba zilipopokea ada zilitoa ahadi. Mkulima akikopa benki hulipa deni lote na riba juu yake, wala haulizwi kama anaona nusu inatosha. Kampuni nayo, zamu yake ya kulipa inapofika, na ilipe deni lake lote.